Yule meku angetia magadi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Filamu za vichekesho za zamani na za sasa, zipi zinavunja mbavu zaidi?" Najua majibu yatakayojaa mezani kwenu. Wa umri wangu watamtaja King Majuto, watamtaja Mr. Bean, watawalaani vijana wa simu, basi. Na mimi nilishika kalamu nikiwa upande huo huo. Ila swali linaloniwasha ni jingine: nani anachekwa, na je, mwenyewe yumo ndani tunapomcheka?

Linaniwasha kwa sababu mimi ni Mchaga wa Moshi. Kwa miaka mingi kwenye komedi za Dar sisi tumepewa nafasi moja tu: mangi wa dukani, anayehesabu hela usiku, asiyemkopesha hata mama yake, na Desemba ikifika anagombania basi aende kula sikukuu nyumbani. (Hiyo ya Desemba sibishi.)

Wenzetu wa mashambani walitutangulia. Tangu mwaka 1952, kwenye Muhogo Mchungu, filamu iliyotengenezwa Tanganyika enzi za mkoloni, kichekesho ni mtu wa kijijini kuingia Dar es Salaam na ulimwengu kumshinda. Aliyeigiza ni Rashidi Kawawa, huyo huyo aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Mwaka huo huo jirani zetu wa Arusha nao waliingia kwenye filamu, ile ya John Wayne ya kukimbiza vifaru iliyopigwa kule Momella. Wenyeji wanaonekana humo, lakini vichekesho karibu vyote wamepewa wageni, pamoja na tembo wadogo. Tembo wetu walipata nafasi kuliko sisi.

Sasa niwasimulie ya Kiboriloni, kwetu Moshi, mtanisamehe nikirefusha.

Bara tulikaa bila televisheni mpaka mwaka 1994, na hata baada ya hapo seti yenyewe ilikuwa ya mwenye nazo. Sisi wengine tulikwenda kibanda umiza. Cha kwetu kilikuwa nyuma ya soko, mabati juu, mbao za kukalia, deki moja, na mtafsiri mwenye kipaza sauti aliyewafanya Wachina wote waongee Kiswahili cha Majengo. Mimi nilikuwa nafagia na kukusanya viingilio mlangoni ili niingie bure.

Siku moja ya soko mvua inanyesha, watu wamejaa, na ule mkanda wa kung fu waliokuja kuutazama ukasagwa na deki. Zogo. "Rudisha hela!" Mwenye banda akapekua boksi lake akatoa kanda aliyokuwa amepewa na mzungu mmoja wa kujitolea. Charlie Chaplin, ile ya 1925 ya kutafuta dhahabu kwenye theluji. Haina rangi, haina maneno. Mtafsiri akaishiwa kabla hajaanza, maana atafsiri nini?

Ndani alikuwemo meku mmoja, yaani mzee kwa Kichaga, aliyeingia kujikinga mvua. Koti refu, fimbo, viatu vya mpira. Amepewa ubao wa mbele kwa heshima, na nadhani alikuwa anasinzia. Ikafika pale Chaplin na yule mwenzake wamefungiwa na theluji kibandani, hawana chakula, wanachemsha kiatu. Kinapakuliwa kwenye sahani kama nyama ya sikukuu. Anazungusha kamba za kiatu kwenye uma, anafyonza misumari kama mifupa ya kuku. Watu wakaanza kucheka.

Meku akasimama, akageuka nyuma. "Mnacheka nini? Huyu mtu ana njaa."

Banda zima kimya. Hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Meku akairudia sahani kwa macho, akatikisa kichwa. "Halafu hiyo soli haijaiva. Angetia magadi."

Mae! Mtu alianguka kutoka kwenye ubao. Mtafsiri, kwa akili yake, akamsogezea mzee kipaza sauti. Kuanzia hapo filamu ikawa ya meku. Yule mwenzake Chaplin, kwa njaa, anaanza kumwona Chaplin kama kuku mkubwa. Meku akamwonya kwamba kuku mwenyewe hana nyama, asijisumbue kuchemsha maji. Waliotoka kudai hela wakarudi, wakalipa tena, na mimi ndiye niliyezipokea.

Juma lililofuata mwenye banda akabandika tangazo la kanda ile ile. Watu wakaja. Meku hakuja. Hakucheka mtu, na kufika katikati wakataka kung fu. Akatumwa kijana kwenda kumwita mzee, akarudi na jibu kwamba atakuja iwapo kuna mbege.

Baadaye nikasoma kwamba kiatu kile kilikuwa peremende nyeusi, na kwamba wazo lenyewe Chaplin alilipata kwa wahamiaji wa Marekani walionaswa na theluji mwaka 1846 wakala ngozi za viatu. Yeye mwenyewe utotoni London alipelekwa kwenye nyumba ya maskini. Kwa hiyo meku alikuwa na haki: mtu yule alikuwa na njaa. Tulipolitambua hilo ndipo tulipoanza kucheka vizuri.

Nilipofika hapa nilikuwa nimeshaandaa hukumu: za zamani, kwa mbali. Lakini nikijihoji, nilichokuwa nakisifia si filamu. Kanda ilikuwa ile ile juma la pili. Nilichokuwa nakisifia ni mtu mwenye haki ya kuijibu skrini.

Na leo haki hiyo ipo simuni. Binti wa Pasua, mtaa wa Moshi, anachukua kile kichekesho cha mangi bahili, anakiigiza kwa lafudhi yenyewe, si ile ya kubuniwa Dar, halafu anakigeuza: mteja wa mjini ndiye anayekopa na kuzima simu. Mchekeshaji Sharo Milionea alishaanza kugeuza hivyo kabla ya ajali iliyomuua Muheza mwaka 2012. Mshamba akapumzika, akaanza kuchekwa sharobaro mwenye miwani na mfuko mtupu. Vijana wa sasa wamemalizia kazi.

Kwa hiyo nikilazimishwa, kura yangu naipa za sasa. Lakini msiichapishe bila masharti. Sizihesabu zile za kumwagiana ndoo za maji, wala za mwanamume kuvaa gauni akadhani ameshamaliza kuchekesha, wala za kumwiga mlemavu, ingawa hizo za mwisho na zamani zilikuwepo tele. Na bado sijaona video ya dakika moja iliyomfanya mtu alipe kiingilio mara mbili.

Majuto sijui mnipangie wapi. Amefariki mwaka 2018, lakini kwangu wanangu wanamtazama kila siku kwa bando langu, na wanadai ni wa kwao.