Kabla hujaipandisha mota juu ya Hezi 50

Wadogo zangu mnaoanza kufunga inveta (kifaa kinachobadili Hezi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, ili kuongoza mwendo wa mota) kwenye mashine za mawese hapa Kigoma, mapema sana mwenye mashine atawauliza kama mota inaweza kukimbizwa kupita mwendo ulioandikwa kwenye kibati chake. Inaweza: mota ya nguzo 4 (ncha nne za sumaku ndani yake), ambayo kwa Hezi 50 huzunguka mara 1,450 hivi kwa dakika, hufika karibu 1,740 ikipewa Hezi 60. Lakini inveta huongeza volti sambamba na Hezi hadi volti 400 za laini zinapokwisha, na kuanzia hapo Hezi hupanda peke yake, sumaku ndani ya mota hufifia, na nguvu ya kusokota shafti hushuka hadi asilimia 83 kwa Hezi 60 na asilimia 67 kwa Hezi 75.

Konveya iliyokuwa ikitumia asilimia 70 ya nguvu hiyo itavumilia Hezi 60. Feni haivumilii, na hilo nililijua kwa kuumia. Ilikuwa feni ya kupepetea maganda ya mise (kokwa za mawese), mota ya kilowati 5.5, niliipandisha hadi Hezi 60, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nilipokewa na harufu ya vanishi ya koili, na klampu mita ikasoma ampea 14 ilhali kibati kinasema 11. Nilikuwa nimesahau kwamba kilowati ambazo feni inadai hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo, hivyo nyongeza ya asilimia 20 ya mwendo hudai kilowati zaidi kwa asilimia 73. Kosa baya zaidi ni kwamba sikuwa nimeingiza ampea za kibati kwenye inveta, nayo ikaendelea kulinda kwa kipimo chake yenyewe, kilicho kikubwa kuliko mota.

Kubadili puli ili feni ikimbie bila kupandisha Hezi kusingeniokoa, kwa kuwa kwa mwendo huo feni ingedai kilowati zilezile.

Mtasikia pia ujanja wa kufunga delta mota ya volti 230/400 (koili zake zikifungwa delta ni ya 230, zikifungwa nyota ni ya 400) na kuikimbiza hadi Hezi 87, maana hapo volti huendelea kupanda sambamba na Hezi hadi 400. Ni ujanja wa kweli, mradi inveta ihimili ampea za delta na beringi zihimili mwendo. Ila mota nyingi kubwa ni za 400/690, na kwa hizo haufanyi kazi, kwa kuwa delta yake tayari inadai volti 400 kwa Hezi 50.

Ile feni tuliifungia mota ya kilowati 7.5, baada ya kuhakikisha mapanga yake yameruhusiwa mwendo huo.