Jiko la kupachika kwenye meko ya zamani: panda paani kwanza, halafu nunua dogo

Mkuu, umesema nyumba uliyonunua Mufindi ni ya enzi za mashamba ya chai, sebule ina meko ya ukutani, na moto ukiwaka magoti yanaungua huku mgongo unaganda. Sasa kuna mtu Dar anakuuzia jiko la chuma la kupachika ndani ya meko, mtumba wa Ulaya, lenye nguvu ya joto ya kilowati 14, na unauliza kama ulichukue. Mimi nipo Njombe, nakaa kwenye nyumba ya aina hiyohiyo. Nimepachika la kwangu na nimesimamia ya majirani. Hilo la kilowati 14 achana nalo. Na kabla hujatafuta lingine, panda paani uangalie dohani, yaani mnara wa kutolea moshi wa meko.

Kwanza ujue kwa nini meko ya wazi haikupashi joto. Moto ule unavuta hewa ya sebuleni na kupanda nayo dohani, na kila hewa inayotoka, ya baridi inaingia chini ya milango na kwenye nyufa za madirisha kujaza nafasi yake. Sehemu kubwa kabisa ya joto inaishia angani. Jiko la kupachika lina mlango wa kioo na matundu ya hewa unayoyaongoza mwenyewe, kwa hiyo hewa inaingia kwa kipimo. Majiko mazuri ya siku hizi yanakuachia ndani asilimia 70 hadi 80 ya joto la kuni.

Sasa ukubwa. Zidisha urefu, upana na kimo cha sebule. Yako umesema ni mita 6 kwa 4.5, na dari iko mita 2.8, hiyo ni kama mita za ujazo 75. Nyumba iliyozibwa vizuri huhesabiwa kilowati 1 kwa kila mita za ujazo 14; nyumba zetu hizi za kuta nene za mawe na madirisha yanayovuja, mimi hukadiria kilowati 1 kwa mita 10. Unapata kati ya 5 na nusu na 7 na nusu. Jiko la 6 au 7 linakutosha Juni na Julai yote. Kwa kuni kavu, jiko la kilowati 6 linakula kama kilo 2 kwa saa.

Watu wanadhani kubwa ni akiba, kwamba utaliwasha kidogokidogo. Haliko hivyo. La kilowati 14 litaigeuza sebule tanuri ndani ya saa moja, utabana hewa ili lipoe, na hapo kuni zinaacha kuwaka zinabaki kufuka. Kioo kinakuwa cheusi, na moshi wenye lami unapanda polepole, unapoa, unaganda kwenye kuta za dohani. Jirani yangu mmoja alikuwa akilala na jiko limebanwa hivyo kila siku. Lami ile ilishika moto usiku. Dohani ilinguruma kama lori linalopanda mlima, cheche zikamwagika kwenye bati, na asubuhi tulikuta ufa umeshuka kutoka paani hadi darini. Alikuwa na watoto chumba cha pembeni. Ndiyo maana nalisisitiza hili kuliko jambo lingine lolote.

Tuje kwenye dohani yenyewe. Nyumba hizo nyingi zilijengwa kwa tope au chokaa, na pita kidole kwenye maungio ya ndani uone: unga unadondoka tu. Fagia masizi yote, kisha washa majani mabichi kidogo mekoni, mtu aliye juu azibe mdomo wa dohani kwa gunia lililoloweshwa, na mwingine apande darini na tochi. Moshi ukitokea popote, umeona njia ambayo cheche na sumu ya kaboni monoksidi zitapita. Sumu hiyo haina harufu, inaua watu wakiwa usingizini. Kengele yake inunue hata kama dohani ni nzima.

Hata dohani ikiwa nzima, mimi siungi mkono jiko la mlango kufungwa bila bomba la ndani. Dohani ya meko ya wazi ni pana mno. Moshi wa jiko hili ni mchache na umeshapoa, ukiingia kwenye uwazi ule unapoteza nguvu na kuacha lami. Shusha bomba la chuma kisichoshika kutu kutoka juu hadi kwenye shingo ya jiko, pale moshi unapotokea, kipenyo kilekile cha shingo, mara nyingi milimita 150, usipunguze. Ziba kwa bamba pale chini linapoingilia, na juu weka kofia yenye wavu ndege wasijenge. Bomba linaweza kukugharimu karibu sawa na jiko. Lipa.

Na sisi huku tuna jambo ambalo vitabu vya majiko haya havilitaji sana. Kwenye mita 2,000 juu ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 20 kuliko ya pwani, kwa hiyo dohani inavuta kwa uvivu. Watengenezaji wengi wanataka angalau mita 4 hadi 5 juu ya jiko. Wewe ongeza mita moja ukiweza.

Kwenye jiko lenyewe, la mtumba lisikutishe. Banisha karatasi mlangoni, uvute: ikichomoka kirahisi, kamba ya mlango imechoka, ibadilishe. Bamba la juu ndani lisiwe limepinda. Kioo kiwe cha seramiki. Cha dirishani kitapasuka. La kutegemea feni ya umeme usilichukue, umeme wetu unaujua. Chuma cha kusubu au cha bamba, vyote vinafanya kazi. Fundi wa kuchomelea akikutengenezea, bamba lisipungue milimita 5.

Kuni ndizo zitakazoamua utaliona jiko zuri au baya. Miwati ndiyo kuni yetu bora: nzito, inakaa na makaa muda mrefu. Mkaratusi ni mzuri pia, ila upasue ungali mbichi na uuache kwenye kichanja chenye paa mwaka mzima. Unyevu uwe chini ya asilimia 20. Paini ni ya kuwashia. Na tafadhali sana, mabaki ya nguzo za umeme usiyaguse, hata ukipewa bure. Yale ya kijani yametiwa dawa yenye aseniki, na yale meusi ni mafuta ya lami. Moshi wake na jivu lake ni sumu kwa familia yako.

Kabla hujamjibu huyo wa Dar, pima meko: upana wa mbele, upana wa nyuma, kimo, na kina cha juu na cha chini. Meko hizi zinabanana kuelekea nyuma, na ndipo majiko mengi yanapogoma kuingia. Pima pia sakafu ya mawe iliyo mbele, iwe angalau sentimita 45. Vipimo hivyo na urefu wa dohani viweke hapa, nitakuambia jiko la umbo gani litakaa.