Dele Lililompiga Picha Mpiga Picha

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja: kitu nimekiweka mezani, hakikimbii, hakipepesi macho, hakidai chochote, mbona picha yake inatoka mbaya? Nimechagua tano. Walioniuliza bei ya kupiga harusi wanisamehe, mikono yangu siku hizi inaweza sufuria na machungwa tu.

Shikamoo mzee. Nauza vyombo vya kale kwa simu: madele ya shaba ya kumiminia kahawa, masinia, vikombe vya kahawa. Kila nikipiga picha dele, tumboni mwake naonekana mimi, simu yangu na chandarua. Nimewasha taa zote za chumba, ndiyo kwanza inazidi. Nifanyeje? (Muuza vyombo, Mombasa)

Marahaba, mwanangu. Umenikumbusha aibu yangu.

Nilipokuwa na studio Ngamiani, hapa Tanga, hoteli moja, jina lake nalisitiri, iliniita nipige vyombo vyao vya chai kwa ajili ya menyu. Buli lenyewe linang'aa kama kioo cha kinyozi. Chumba joto, feni mbovu, nikavua shati. Nikapiga, nikasafisha, nikapeleka picha kubwa kwa meneja. Akavaa miwani, akaangalia, akamwita mpishi, mpishi akamwita mfagizi. Wote wanacheka. Pale kwenye tumbo la buli alikuwamo mwanamume mwenye singlendi, ameinama nyuma ya stendi, kitambi kimevimba kuliko buli lenyewe. Nililipwa nusu.

Kwa hiyo nakwambia jambo nililolinunua kwa pesa yangu: shaba ikisuguliwa haionyeshi uso wake, inaonyesha chumba. Na dele kwa kuwa limebenuka, linaona eneo pana kama kioo cha pembeni cha matatu. Ukiwasha taa zote unazidi kulimulikia hicho chandarua. Usipambane na dele, kibadilishe kile linachokiona.

Zima taa. Sogeza meza karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavu. Kama jua linaingia, tundika bafta nyeupe dirishani. Upande wa pili wa dele simamisha karatasi ya manila nyeupe, karibu kabisa, nusu hatua tu. Mbele yako weka manila nyingine uliyoitoboa tundu dogo la kupitisha jicho la simu. Rudi nyuma, utumie zumu ya mara mbili. Kadiri unavyokuwa mbali ndivyo unavyokuwa mdogo tumboni mwa dele, mpaka ubaki doa tu, na doa hilo unalizungusha likaangukia kwenye mkono au mdomo wa dele, lisionekane.

Wengi wakifika hapa hufurahi, kisha hushangaa: dele limekuwa jeupe kotekote, bapa, utadhani la plastiki. Sasa linataka weusi. Kata vipande viwili vya kitambaa cheusi, buibui kuukuu linafaa kuliko kitu chochote, upana wa vidole viwili. Ning'iniza kimoja ukingoni mwa kila manila kwa kibanio cha nguo. Weka jicho lako pale simu itakapokaa, kisha sogeza kitambaa polepole huku unalitazama dele, si kitambaa. Utaona mstari mweusi unateremka shingoni, unapanuka tumboni, na ghafla dele linajaa, lina mviringo, lina uzito. Mimi naweza kumaliza nusu saa kwa kusogeza kitambaa kimoja upana wa ukucha. Mke wangu alishazoea.

Lingine: lishike kwa kitambaa. Alama za vidole kwenye shaba huonekana kwenye picha hata zisipoonekana kwa macho.

Mwalimu, nimesoma kwamba wapiga picha za vitu hutumia dirisha la kaskazini. Chumba changu kina dirisha la kusini. Nihame? (Mwanafunzi, Bagamoyo)

Usihame. Waliotoa ushauri huo waliishi Ulaya, ambako jua la mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kaskazini hupata mwanga wa anga tu, laini, usio na vivuli vikali. Sisi tuko karibu na Ikweta, jua linatuvuka kichwani mara mbili kwa mwaka. Mwezi wa 6 liko kaskazini yetu, kwa hiyo hilo dirisha lako la kusini ndilo lenye mwanga laini. Mwezi wa 12 limehamia kusini, geuza mambo, au tundika bafta. Na taa ya dari izime kila mara. Mwanga wa anga una ubuluu, balbu nyingi za nyumbani zina umanjano, vikichanganyika kwenye sahani moja nyeupe hakuna programu itakayovitenganisha.

Kaka, nauza juisi ya ukwaju Dar es Salaam. Kwa macho ina rangi nzuri, kwenye picha inatoka nyeusi kama oili chafu ya gari. (Mama Juisi)

Dada, juisi nzito inataka kumulikwa kwa nyuma. Glasi ikae kati yako na dirisha. Halafu fanya ujanja huu: kata karatasi nyeupe ngumu kwa umbo la glasi, ndogo kidogo kuliko glasi yenyewe, uiegemeze nyuma yake, imelala kidogo, ipokee mwanga na kuupitisha kwenye juisi. Kamera isiione. Ukwaju utawaka wekundu wa kahawia ambao sasa unauona wewe peke yako.

Kingo za glasi zikipotea kwenye weupe, rudia buibui lile la dele: kipande kushoto, kipande kulia, nje kidogo ya picha. Glasi itajichora mistari myeusi pembeni.

Matone ya baridi ya kweli hukauka au huteremka kabla hujafunga shata. Nunua glisirini duka la dawa, changanya nusu kwa nusu na maji, nyunyizia kwa nje. Matone yatakusubiri ukale chakula cha mchana. Glasi hiyo usimpe mteja.

Kaka yangu anachora. Anasema kupiga picha embe lililowekwa mezani si sanaa, ni tangazo la sokoni. Nimjibu nini? (Msomaji, Zanzibar)

Mwambie upigaji picha wenyewe umekaa mezani tangu uchanga wake. Mwaka 1837, kule Ufaransa, Louis Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga sanamu za plasta na vitu vingine kwenye kona ya studio. Hakuwa na chaguo kubwa: bamba lake la kunasia picha lilihitaji mwanga wa dakika nyingi, na plasta haichoki kukaa. Mwaka uliofuata alipiga barabara ya Paris iliyojaa watu na farasi, na wote waliokuwa wakitembea wakapotea. Aliyebaki akaonekana vizuri ni mtu aliyesimama kung'arishiwa viatu.

Kisha mwonyeshe pilipili hoho ya Edward Weston, Mmarekani, ya mwaka 1930. Hoho moja tu. Aliiweka ndani ya faneli ya bati iliyolazwa, na bati likawa linarudisha mwanga kwenye kila mkunjo. Ukiitazama unaona mgongo, mabega, watu wawili wamekumbatiana, kisha unakumbuka kuwa ni kiungo cha kachumbari. Na Josef Sudek wa Prague, aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alipiga glasi ya maji kwenye kizingiti cha dirisha lake lenye ukungu, na akairudia miaka na miaka.

Ila kaka yako ana kipande cha ukweli. Embe lililopigwa kwa haraka chini ya taa ni tangazo, tena baya. Mwambie alichore hilo embe, nawe ulipige hapohapo dirishani, asubuhi, adhuhuri na alasiri. Mtagombana vizuri zaidi.

Nina laki tatu. Ninunue kamera gani? (Kijana, Muheza)

Usinunue. Futa kwanza jicho la simu yako kwa kitambaa safi cha pamba, maana naamini lina mafuta ya maandazi. Isimamishe kwa kuiegemeza kwenye mfuko wa mchele, weka taima ya sekunde 3 ili kidole kisiitikise. Gusa chungwa kwenye kioo na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, kisha teremsha mwanga kidogo, kwa sababu simu hupenda kuunguza weupe. Fanya hivyo wiki mbili, chungwa moja kila siku, na huko Muheza machungwa hayakusumbui. Halafu niletee picha nne, ambazo hujazipitisha kwenye filta, tuzungumze habari ya laki tatu.