Re: Michoro ya kundi haioani, uwasilishaji Ijumaa

Habari mkuu. Nimekusoma: mfumo wa kuvuna maji ya mvua kwa shule ya msingi, kila mtu kachora kipande chake, sasa tenki la kwenye mchoro si lile la kwenye hesabu.

Slaidi ziacheni kwanza, rudini kwenye eneo la paa. Lipimwe kwa mlalo, sio kufuata mteremko wa bati; kundi letu tulivutana hapo hapo. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo paa la mita za mraba 200 likipata milimita 50 ni lita 10,000. Zidisha kwa 0.8 kufidia yanayopotea, zinabaki 8,000. Namba hiyo ikikubalika, ndipo mchoro urekebishwe.

Faili kuu ashike mtu mmoja. Mkitupiana WhatsApp mtaishia na "ya mwisho" nne.

Halafu angalieni skeli (uwiano wa vipimo vya mchoro na vya jengo halisi): mchoro wa karatasi ya A1 ukichapwa kwenye A3, ambayo ni ndogo, 1:100 inageuka 1:200. Wekeni mstari wa skeli, maprofesa wanapenda kutoa rula.

Huyo asiyetokea vikaoni, mwambieni msimamizi leo, sio Ijumaa mlangoni.