Maswali Yenu: Kadeti ana mbio, mbona mtihani unamshinda?

Tangu tuguse mambo ya vijana wanaojipanga kuingia jeshi kama makadeti, yaani wale wanaosomea uafisa, simu ya hii safu haipumui. Nimechagua maswali machache, yale yanafanana nimeyajibu mara moja, na barua ndefu nimezikata, mnisamehe.

*Mwalimu, habari ya kazi. Kijana wangu ni kadeti mwaka wa pili. Huku shule alikuwa anaongoza hesabu kila term. Alikuja likizo amejaa kifua, anaamka saa kumi na moja bila kuitwa, nikafurahi, lakini aliponionyesha matokeo ya masomo nikaishiwa nguvu. Babake anasema ni hayo mazoezi yanakula akili, ati mwili ukichoka na kichwa kinalala. Ni ukweli? Na tumwambie apunguze mbio ama tufanye nini, juu hawezi kuambia afande anataka kupumzika.*
*– Mama kadeti, Umoja*

Mama, msalimie baba sana lakini hapo amekosea. Mazoezi hayali akili.

Wacha nikupeleke mahali hii kitu imepimwa vizuri. Marekani kuna chuo cha maafisa wa jeshi kinaitwa West Point, kiko tangu 1802, na mwaka wa 2019 watafiti wakiongozwa na Angela Duckworth walitoa matokeo ya makadeti 11,258 walioingia pale kwa miaka kama kumi. Waliangalia vitu vitatu ambavyo kijana anakuja navyo siku ya kwanza, yaani akili ya darasani, uwezo wa mwili, na ule ukaidi wa kutoacha kitu katikati. Sasa sikia vile ilitokea. Ukitaka kujua nani atapata alama nzuri darasani, uangalie akili yake ya darasani, mwili haukuwa na kauli kubwa hapo. Lakini ukiuliza nani atamaliza miaka yote minne na nani atabeba begi arudi kwao, basi mwili na ukaidi vilisema mengi kuliko akili. Kwa hivyo hizo mbio ndizo zinamshikilia kijana wako ndani ya geti, ila hazitamfanyia hesabu.

Na ukumbuke kitu kingine ambacho wazazi husahau. Kwenu alikuwa namba moja, sawa, lakini pale alipo kila mtu alikuwa namba moja kwao! Wamechujwa kwa alama, wakachujwa tena kwa mbio, sasa wamewekwa darasa moja wote wakiwa fiti na wote wakiwa wajanja, lazima kuna mmoja atakuwa wa ishirini na huenda wiki hii ni wako. Hio pekee haimaanishi kichwa kimeharibika. Ndio maana pia huwezi kumlinganisha kadeti na kadeti useme huyu anapita juu ana presapu nyingi, wote wana presapu nyingi.

Lakini kama ameshuka kweli kweli, mimi ningeshuku usingizi kabla ya kushuku mazoezi. Mwulize analala masaa mangapi, na usikubali akwambie saa ya taa kuzimwa, hio ni saa ya kwenye ratiba. Taa ikizimwa ndio watu wanaanza kung'arisha viatu kwa kugusa-gusa gizani, kuna shati ya paredi haijapigwa pasi, kuna ile asaimenti ya kesho, alafu kuna stori za bunk ya juu na ya chini ambazo haziishi. Saa kumi na moja filimbi. Ukihesabu unapata masaa manne, matano akiwa na bahati, na mtu wa miaka ishirini bado mwili wake unadai saba ama nane. Huyo akikaa kwa lekcha ya saa nane mchana, baada ya ugali na joto la darasa, macho yako wazi lakini hakuna mtu nyumbani.

Kwa hivyo msimwambie apunguze mbio. Mwambieni viatu na pasi zifanyike jioni kabla ya prepu, na ile saa baada ya mazoezi, akishaoga na kula, ndio afanye masomo magumu, simu ikiwa mbali. Akishafanya hivo term moja na bado anashuka basi aende aongee na mwalimu wa hilo somo, huko huwa wanaongea tu kama chuo kingine.

*Mwalimu niaje. Mimi nakaa Roysambu, nataka kutrai kadeti intake ikitangazwa. Nimekuwa jimu mwaka mzima, kifua iko, mikono iko, lakini nikikimbia kilomita tano nafika nikiwa maiti. Sasa beste yangu ananiambia hio misuli yote haisaidii kichwa hata kidogo, ati mbio ndio husaidia. Ni wivu ama ana pointi?*
*– Kifua, Roysambu*

Ana pointi, na ni pointi kubwa kuliko anavyojua.

Uswidi zamani vijana wote wa kiume walikuwa wanaitwa jeshini wakifika miaka 18, wanapimwa nguvu za misuli, wanapimwa moyo na mapafu kwa baiskeli, alafu wanafanya mtihani wa akili. Miaka mingi, kijana baada ya kijana, kila kitu kikaandikwa. Mwaka wa 2009 watafiti wakachukua hayo makaratasi ya vijana milioni 1.2 waliozaliwa kati ya 1950 na 1976 wakaanza kulinganisha. Wale wenye moyo na mapafu mazuri walifanya vizuri kwa mtihani wa akili. Wale wenye misuli tu, hakuna kitu. Na wale ambao mbio zao zilipanda kati ya miaka 15 na 18 walikuwa juu ya wale ambao zilishuka. Hata walipolinganisha mapacha, ikaonekana sio mambo ya kurithi pekee.

Sasa usikimbie kuambia watu mbio zinaleta akili, hapo wengi huteleza. Hayo makaratasi yanaonyesha vitu viwili vinatembea pamoja, hayathibitishi moja imezaa nyingine, huenda kijana mwenye nidhamu ya kusoma ndiye huyo huyo mwenye nidhamu ya kuamka kukimbia. Lakini kuna majaribio madogo ya kweli pia. Pale chuo kikuu cha Illinois, Marekani, Charles Hillman na wenzake walichukua watoto wakawatembeza dakika 20 kwa mashine, alafu wakawapa kazi ya kutambua mshale wa katikati unaelekea wapi huku mishale ya pembeni ikiwachanganya, na baada ya kutembea walikosea kidogo kuliko siku walipokaa tu. Hicho kitu kilipimwa pale ni uwezo wa kushikilia jambo moja na kupuuza kelele. Ukiniuliza mimi, kama mazoezi yanasaidia alama basi yanapitia mlango huo wa umakini. Na angalia, ilikuwa ni kutembea, sio kukimbia mpaka utapike. Ukijimaliza kabisa asubuhi usitegemee kichwa kitakushukuru saa mbili.

Wewe fanya hivi. Jimu usiache, kubeba mzigo utabeba tu huko Lanet kwenye chuo cha maafisa wa jeshi, lakini punguza iwe mara mbili kwa wiki. Siku zingine tatu ama nne toka na mguu, ukiwa na pesa ya kuingia msitu wa Karura sawa, ukikosa kuna ile barabara ya nyuma ya Kasarani asubuhi kabla magari yajae. Kimbia polepole mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika, hata kama wasichana wanakupita, wacha wakupite. Mwendo wa kasi uweke siku moja tu kwa wiki. Na kama unataka kujua vile jeshi lenyewe hupima umuhimu, pale West Point nafasi ya kadeti kwenye orodha huhesabiwa masomo asilimia 55, mambo ya kijeshi 30, mwili 15. Kwa hivyo kitabu usikiweke chini ya benchi.

*Mwalimu, mimi ni mzee mstaafu, nilitumikia taifa hili miaka ishirini na zaidi. Nasoma safu yako naona mnawadekeza hawa watoto na maneno ya usingizi. Sisi tulilala masaa manne, tukasoma, tukapita. Adui hangojei ulale.*
*– Mzee mstaafu, Ongata Rongai*

Mzee wangu, heshima yako kwanza, na asante kwa kazi. Adui kweli hangojei, nakubali, na kadeti lazima ajifunze kufanya kazi akiwa amechoka. Ila kufundishwa kuvumilia uchovu ni somo moja, na kuelewa trigonometria ni somo lingine, na hayo mawili ukiyafundisha usiku mmoja linapotea la pili.

Na wanaosema hivi sio walimu laini, ni wanajeshi wenyewe. Wakati wa vita vya pili vya dunia jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na shida, watu wa rada waliokuwa wanatafuta nyambizi za Wajerumani walikuwa wanaziona mwanzo wa zamu alafu baadaye zinapita tu kwa skrini. Mtafiti Norman Mackworth akatengeneza saa haina namba, mkono mmoja tu unaoruka hatua moja moja, na mara chache sana unaruka mbili. Kazi yako ni kusema ukiona hio ya mbili, masaa mawili mfululizo. Kufika nusu saa watu walikuwa wameshaanza kuzikosa. Hao walikuwa vijana wazima mzee, hawakuwa wavivu, ni vile umakini wa binadamu huisha.

Alafu chuo cha jeshi la anga la Marekani, kule Colorado, ratiba za makadeti wa mwaka wa kwanza hupangwa bila wao kuchagua, kwa hivyo ni rahisi kulinganisha. Utafiti wa 2011 ulionyesha wale waliopangiwa darasa la kwanza kabla ya saa mbili asubuhi walifanya vibaya, na sio hilo darasa peke yake, hata yale mengine ya siku hio. Kadeti wale wale, walimu wale wale, saa tu. Wewe na wenzako mlipita, sawa, lakini wale hawakupita sio wao wanaoniandikia.

*Hi Mwalimu, mimi ni mwanafunzi tu wa campus hapa CBD, sio jeshi, lakini nimewahi kusikia kuna utafiti wa makadeti na laptop. Ni kweli laptop zinaangusha watu?*
*– Msichana wa row ya nyuma*

Kweli. Ni West Point tena, somo la uchumi, ulitoka 2017. Madarasa mengine yakaruhusiwa laptop, mengine yakanyimwa kabisa, na mengine yakaruhusiwa tablet lakini ilale flat mezani ili mwalimu aone skrini. Wenye vifaa wakaanguka nyuma ya wasio navyo kwa mtihani wa mwisho, na cha kushangaza hata wale wa tablet iliyolala walianguka pia. Na hao ni makadeti, watu wa amri, wanajua alama ndio itaamua watapelekwa kazi gani! Sasa wewe na TikTok yako kule nyuma. Hama row, nunua daftari.

*Energy drink moja kabla ya pepa inasaidia ama ni uongo wa matangazo?*
*– Bila jina, Pipeline*

Kafeini inasaidia kidogo mtu asiyelala, sukari iliyobaki kwa hio chupa ni ya kampuni. Wanafunzi wa makomando wa majini wa Marekani walipimwa wakiwa wamekosa usingizi masaa 72, matokeo yakatoka 2002, na miligramu 200 za kafeini, kama vikombe viwili vya kahawa hivi, ziliwaamsha, wakawa makini na wepesi wa kujibu. Kulenga shabaha hakukubadilika hata kidogo. Kwa hivyo utakuwa macho kwa pepa, majibu ni yale ulikuja nayo. Na ukiinywa saa nne usiku, saa nane ukiwa unahesabu mabati usiniandikie.