Logo ingoje, anza na jina la till

Dadangu unayeuliza kama ulipe elfu nane ya logo ya kibanda chako cha samaki hapo Kondele, Kisumu, mi naona ngoja kwanza. Mteja akilipa kwa till, ile namba ya Lipa na M-Pesa, simu yake inamwonyesha jina gani? Kama ni la shemeji yako na bango linasema ingine, tayari ameanza kushuku. Sajili jina la biashara kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, till isome hilo hilo. Halafu ngege (tilapia) wa ufuo wa Dunga awe wa Dunga kweli, yule wa barafu wa China sema ni wa China, watu wa Kisumu wanajua samaki bwana, danganya mmoja tu uone vile stori itafika soko la Kibuye kabla hujafunga. Na ukiulizwa bei Facebook andika bei, hii mambo ya "njoo inboksi" inaudhi sana.