Barua kwa mwanangu kuhusu skrubu za tayani

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama zile skrubu mbili ulizowekewa kwenye taya la juu, ili meno yako ya mbele yavutwe nyuma, mfupa utazikubali au utazikataa, na kwa nini daktari alianza kuvuta siku ileile. Nimefanya kazi hii ya meno muda mrefu, nami nakujibu kwa kirefu kwa sababu ukilielewa jambo hili utazitunza vizuri zaidi.

Kinachoishika skrubu siku inapowekwa sicho kitakachoishika baada ya miezi mitatu. Siku hiyo huwa imebanwa tu: hesi zake, yaani mikato inayoizunguka, zimejikita katika gamba gumu la nje la mfupa, na gamba hilo likiwa na unene wa milimita 1 au zaidi, mshiko huo unatosha kuhimili mvuto mwepesi. Ndiyo maana daktari hakungoja.

Hata hivyo, mfupa uliobanwa huwa umejeruhiwa. Kandokando ya hesi hutokea nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na sehemu ya mfupa hufa. Mwili hutuma kwanza seli za kuuondoa mfupa ulioharibika, yaani osteoklasti, kisha huja osteoblasti, ambazo hujenga mpya. Mfupa unaotangulia kujengwa huwa wa haraka, usio na mpangilio wala nguvu nyingi, na huchukua miezi kadhaa kubadilishwa kuwa mfupa uliokomaa, wenye matabaka yaliyopangika. Kwa hiyo kuna wiki chache, hasa ya pili hadi ya nne, ambapo mshiko wa mwanzo umepungua ilhali ule mpya haujaimarika. Hizo ndizo wiki zinazonitia wasiwasi, nawe umo ndani yake sasa. Usiisukume skrubu kwa ulimi wala kidole, na uisafishe pembezoni kwa mswaki laini, kwa kuwa uvimbe wa fizi ukiachwa huufikia mfupa na kuudhoofisha.

Kwamba titani, metali ambayo skrubu kama zako kwa kawaida hutengenezwa kwayo, hupatana na mfupa kulionekana Uswidi katika miaka ya 1950, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alipokuta vifaa vya titani alivyoviweka katika mifupa ya sungura vimeshikamana nayo kiasi cha kutong'oka. Jino la bandia la kupandikizwa hutegemea mshikamano huo kikamilifu. Skrubu yako, kinyume chake, mara nyingi huachwa na uso laini makusudi, mfupa uikumbatie kwa sehemu tu, ili siku ya kuitoa izungushwe na kutoka bila upasuaji mkubwa.

Usishtuke daktari akikwambia imeinama kidogo. Mfupa unaojijenga upya chini ya mvuto huweza kuiacha isogee kwa sehemu ya milimita, na bado ikawa imara. Kutikisika ni jambo jingine: ukiona inacheza, au ukisikia maumivu ukiigusa, rudi kliniki mara moja, wala usijaribu kuikaza mwenyewe. Nyingi hudumu hadi kazi iishe, na inayolegea huondolewa, ikawekwa nyingine mahali pa jirani.

Kuhusu tundu uliloliogopa, fizi hujifunga ndani ya siku chache baada ya skrubu kutolewa, na mfupa huujaza uwazi huo katika miezi inayofuata. Niandikie ukitoka kwa daktari, unieleze amezikutaje.

Mama yako